Jinsi Twiga wa Kilonzo Alivyoonekana

Siku mliyoniaga kazini mlinipa dakika tano za kuongea, nikazimaliza zote nikishukuru watu. Nilipofika nyumbani Mowlem nilikaa kwenye kochi na viatu miguuni nikajiuliza, wewe Nekesa, miaka yote hiyo, na hukuwaachia watoto wa watu hata kitu kimoja cha kuwasaidia Jumatatu asubuhi? Basi ndicho hiki. Vyeo sitavitaja, na mshahara tuuache ulale. Nitawaambia jinsi nilivyojifunza kazi ya kufanya tovuti ipatikane na mtu anayeitafuta. Ninyi mmeikuta ikiwa na vyeti, semina na watu wanaojiita wataalamu kwenye kadi zao. Sisi tuliikuta haina hata jina, na niwaambie ukweli, ilikuwa tamu kupita kiasi.

Nilizaliwa Kaloleni, kwenye nyumba za kaunsili, baba akiwa karani wa reli. Mwaka wa tisini na saba nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya ghorofani kando ya Barabara ya Jogoo, chini yetu kukiwa na bucha. Tulichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi, na nyingine zilitoka na harufu ya nyama kidogo. Siku moja mdosi wetu akaja na kijisanduku cheusi chenye taa nyekundu, akakichomeka kwenye laini ya simu. Kikalia, kikakwaruza, kikatulia. Halafu kwenye kioo ikaanza kushuka picha ya mlima wenye theluji, mstari kwa mstari, kutoka mahali ambapo sitafika maishani. Sikwenda chakula cha mchana. Nilibaki pale nimekodoa macho hadi mlima ukafika chini.

Tulikuwa wafanyakazi watatu. Davi alikuwa fundi wa kompyuta, mtoto wa Pumwani, rika langu, mwenye mdomo kama redio. Wa tatu alikuwa Mwalimu Oluoch, mkutubi mstaafu ambaye mdosi alimwajiri kusahihisha kadi za harusi, kwa sababu tulishawahi kumwoza bwana harusi kwa mama mkwe wake kwa kosa la kuchapa. Mwalimu hakushika kipanya kwa mwezi mzima. Alisema kina jasho la watu. Na bado huyo mzee asiyeshika kipanya ndiye aliyenifundisha kazi hii yote.

Davi alichapa tangazo akalibandika mlangoni: Tunaweka biashara yako mbele ya dunia nzima. Baada ya hapo ikabidi tujifunze namna ya kuiweka. Mimi nilijifunza kuandika kurasa za tovuti kutoka kwa karatasi nilizochapisha na kuzibana na stepla, nikizisoma hata nikisubiri sufuria ichemke. Tovuti yetu ya kwanza ilikuwa ya shule ya udereva. Nikaipeleka kwa mitambo ya kutafuta, mmoja mmoja kwa mkono, maana wakati huo ilikuwa mingi na kila mmoja ulitaka ujazwe fomu yake. Nikanunua daftari nikapiga mistari: jina la mtambo, siku niliyopeleka, siku tuliyoonekana. Safu ya mwisho ilikaa tupu wiki tano.

Mwalimu Oluoch alisimama nyuma yangu akauliza, "Huo mtambo unasoma nini hasa?"

Nikamweleza nilichokuwa nimekielewa. Kuna programu inayotembea kutoka ukurasa hadi ukurasa ikifuata viungo, inasoma maneno, inayaandika kwenye faharasa kubwa. Mtu akiuliza neno, mtambo haukimbii duniani kutafuta. Unafungua faharasa yake tu.

"Kumbe ni katalogi ya maktaba," akasema, na uso wake ukafunguka. "Na ukurasa wako umeupa kichwa gani, kile cha juu kabisa?"

"Karibu Kwenye Ukurasa Wetu."

"Nekesa, ungeandika kitabu ukakiita Kitabu?"

Nikabadilisha siku hiyo hiyo. Nikaandika shule ya udereva, Nairobi, na aina za leseni. Baada ya wiki chache jina likatokea kwenye mtambo mmoja, nafasi ya tatu. Nilipiga kelele mpaka muuza nyama akapanda ngazi na kisu mkononi kuuliza nani ameumia. Hilo ndilo somo la kwanza, na hadi leo nawakuta watu wa vyeti wakilikosea. Kichwa cha ukurasa kiseme kilichomo.

Somo la pili lilikuja kwa aibu. Tulitengeneza ukurasa wa fundi mmoja wa nguo za harusi, kila kitu kimechorwa kama picha, hata jina na mahali alipo. Ulipendeza mno. Mtambo ulipopita haukuona neno hata moja, maana hausomi picha, na mteja mwenye laini ya polepole aliona miraba mitupu. Tukaandika upya kwa maneno, picha tukazipunguza uzito, na kila picha tukaipa maelezo yake mafupi ya maandishi. Davi alinuna siku mbili kwa sababu ndiye aliyechora.

Sasa nifike kwa kesi niliyokusudia, ile iliyonifanya mfanyakazi wa kweli.

Ilikuwa mapema mwaka wa tisini na tisa. Mzee mmoja alipanda ngazi, mrefu, koti la kijivu limejaa vumbi la mbao mabegani, akasimama mbele ya tangazo la Davi akalisoma lote. Kisha akachungulia ndani ya chumba chetu chenye meza tatu.

"Dunia nzima iko hapa?" akauliza.

"Iko kwa waya, Mzee. Karibu ukae," nikamwambia.

Alikuwa Mzee Nzuki, mchongaji kutoka Ukambani, mwenye kibanda cha mabati Pumwani, kando ya Majengo. Chini yake kulikuwa na wachongaji wanane. Kwa miaka mingi walikuwa wakimchongea mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyepeleka vinyago ng'ambo. Huyo bwana alikuwa amefunga biashara na kurudi kwao. Vikundi vikubwa vya wachongaji vilikuwa na wateja wao, kile kidogo cha Mzee hakikuwa na mtu.

"Maduka ya ng'ambo huagiza vya Krismasi kabla Agosti haijaisha," akaniambia, "kwa sababu meli huchukua muda. Agosti ikiisha sina oda, nafunga kibanda. Hao wanane kila mtu atashika njia yake. Wengine wamekaa na mimi tangu hawajaoa."

Sijui ni nini kilinishika. Nilikuwa nimefanya shule za udereva na mafundi nguo, lakini huyu alikuwa ameniletea watu wanane. Nikamwambia, "Mzee, tutakuonyesha dunia," na nilisema kwa sauti ya mtu anayejua anachosema.

Kesho yake nilikwenda kibandani na daftari na kamera ya kuazima. Hapo nikakutana na desturi yao. Wachongaji wale hawakuiita kazi kwa kile inachofanana nacho. Kila muundo uliitwa kwa jina la mtu aliyeutoa kichwani mara ya kwanza. Twiga aliyegeuza shingo kutazama nyuma aliitwa Kilonzo. Vijiko vya saladi vyenye mpini wa pundamilia viliitwa Muli. Mwingine akichonga yule twiga, hata miaka thelathini baadaye, utamsikia akisema, "Leo nimemaliza Kilonzo wawili." Hawakuandika majina chini ya kinyago, kwa hiyo heshima ya mtu ilikuwa hiyo tu, kutajwa na wenzake wakiwa kazini. Kilonzo mwenyewe alikuwa amekufa. Ndiye aliyemfundisha Mzee Nzuki kushika tezo, kile kishoka cha kuchongea.

Nilipenda sana jambo hilo. Nikarudi ofisini mbio nikatengeneza kurasa sita, kila moja na kichwa chake: Kilonzo. Muli. Na wengine wanne. Picha ndogo ndogo, maandishi safi, viungo vya kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Nikapeleka kwa mitambo yote, nikaandika kwenye daftari.

Safari hii hatukungoja sana. Baada ya mwezi barua pepe ikaingia kutoka ng'ambo. Nikaita wote waje. Davi akaacha soda yake, Mwalimu akavaa miwani, nikasoma kwa sauti. Mkenya mmoja aliyeko masomoni alikuwa akiuliza kama huyu Kilonzo ni yule waliyesoma naye shule ya upili, yule mwenye pengo, kwa sababu amemtafuta sana.

Davi alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Mtambo umefanya kazi yake vizuri kabisa," akasema Mwalimu Oluoch. "Umeulizwa Kilonzo, umetoa Kilonzo. Kosa ni letu. Mwanamke wa ng'ambo anayetaka twiga wa kupamba sebule, ataandika nini?"

"Twiga wa mbao."

"Na wewe umemwekea jina la marehemu wa Ukambani."

Kwa kweli angeandika kwa Kiingereza, huyo mwanamke wa kufikirika, na kurasa zetu zilikuwa za Kiingereza pia, lakini acheni niwaandikie yote kwa Kiswahili, hesabu ni ile ile. Nilitembea hadi Pumwani kumwambia Mzee Nzuki kwamba vichwa vibadilike, Kilonzo aondoke juu aingie Twiga wa Mbao. Alikuwa akipiga msasa masikio ya kinyago. Hakuinua uso.

"Hapana," akasema.

"Mzee, hakuna anayemtafuta Kilonzo."

"Najua hakuna anayemtafuta. Amekufa, hana hata kaburi la sementi. Jina liko hapa tu, kwenye mdomo wetu. Sasa unataka mimi nimtoe niweke twiga? Twiga ni mnyama, yuko kila duka. Huyu ni Kilonzo."

Nilirudi nikiwa nimekasirika, nikiwa pia nampenda yule mzee, na hivyo viwili vikikaa pamoja kichwani akili haifanyi kazi. Davi akaniona.

"Niaje Neks, mbona umekunja uso?"

Nikamweleza. Akacheka.

"Manze, hiyo ni rahisi. Acha Kilonzo wake hapo juu. Hapo chini andika twiga, mbao, Afrika, mara mia nne, na uyapake rangi nyeupe juu ya nyeupe. Mbuyu, huyo mzee wako, haoni, mzungu haoni, mtambo peke yake ndio unaona. Kila mtu anafanya hivyo ng'ambo."

Ni kweli wengi walifanya, na ni kweli nilijua si sawa. Nilijua kwa sababu nilingoja Mwalimu Oluoch aende nyumbani ndipo niandike. Nikazijaza kurasa zote sita kwa maneno yasiyoonekana, twiga twiga twiga kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika mistari ubaoni.

Jameni, tulipanda. Mitambo ilipopita tena tukawa ukurasa wa kwanza, na katika mmoja tukawa wa pili kabisa. Nilikuwa nikifungua kila asubuhi kuangalia tu. Nikachapisha ule ukurasa wa matokeo nikampelekea Mzee Nzuki. Wachongaji wote wakaja kuangalia karatasi. Wawili kati yao, Mutiso na mwenzake, walikuwa wameshafunga mizigo kurudi kwao Makueni, kwa sababu kibandani hakukuwa na kazi. Mzee akawaonyesha mstari wenye jina la kikundi chao.

"Fungueni hiyo mizigo," akawaambia. "Tumeonekana."

Wakaifungua mbele yangu.

Siku kumi baadaye niliamka, nikaenda kazini, nikafungua mtambo, hatupo. Nikaangalia ukurasa wa pili, wa tatu, wa kumi. Nikaandika jina lenyewe la kikundi, neno kwa neno, hatupo. Mtambo mwingine, hatupo pia. Wenye mitambo walikuwa wamegundua yale maneno meupe, wakatufuta kabisa, kurasa zote. Ilikuwa katikati ya Juni.

Mwalimu Oluoch alinikuta nimeinamia meza. Nikamwambia yote. Hakunikemea. Aliuliza tu, "Mzee anajua?"

"Bado."

"Basi simama."

Kutoka ofisini kwetu, kando ya Kaloleni, hadi Pumwani si mbali, watu wazima wa kwetu waliitembea hiyo njia kila siku ya maisha yao, lakini siku hiyo niliuhesabu kila mtaro. Nilimkuta Mzee Nzuki nje ya kibanda.

"Mzee, tumetupwa nje."

"Nani ametutupa?"

"Mitambo. Na kosa ni langu. Niliandika maneno ya kuficha ili tupande."

Akataka nimweleze vizuri maneno ya kuficha ni nini. Nikamweleza, nyeupe juu ya nyeupe. Akaokota kipande cha mbao chepesi, akakigeuzageuza.

"Kuna watu wanapaka mti huu rangi nyeusi ya viatu, wanauza kama mpingo," akasema. "Mnunuzi anafurahi. Akifika nao kwake, akiushika na jasho, mkono unakuwa mweusi. Ndicho ulichofanya?"

"Ndicho nilichofanya."

"Sawa. Wale wawili niliwafungulisha mizigo mimi, kwa sababu yako. Kawaambie wewe."

Niliingia nikawaambia Mutiso na mwenzake, nimesimama katikati ya vumbi la mbao, machozi yananidondoka. Mutiso alisema, "Haya, dada," akaendelea kuchonga. Afadhali angenitukana. Mpaka leo mtu akiniambia kuna njia ya mkato ya kupanda, namwona Mutiso akiinamia ile mbao.

Kesho yake Mwalimu Oluoch alifanya jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alifunga meza yake saa nne asubuhi, akasema twende wote kibandani. Akamwamkia Mzee Nzuki, wakaulizana habari za nyumbani kwa muda mrefu kama wazee wafanyavyo, kisha akatoa mfukoni kadi tatu tupu za maktaba, zile zenye tundu chini.

"Kitabu kimoja huwa na kadi tatu," akasema. "Ya jina la kitabu, ya jina la mwandishi, na ya habari iliyomo. Msomaji anayekuja hamjui mwandishi. Anakuja na shida yake, anafungua droo ya habari. Akishapata kitabu, akisoma, ndipo anajua kimeandikwa na nani, na safari nyingine anakuja akimuuliza kwa jina. Mwandishi hafutwi na kadi ya habari. Kadi ya habari ndiyo inayomletea watu."

Mzee Nzuki alizishika zile kadi tatu akazitazama. "Yaani twiga ndiye anayefungua mlango."

"Na Kilonzo ndiye mwenye nyumba," akajibu Mwalimu.

"Lakini mtu akiingia atamkuta?"

"Mstari wa kwanza kabisa, Mzee," nikasema. "Na ukurasa wake mwenyewe, unieleze alikuwa nani, niandike."

Akakubali. Halafu Mwalimu akauliza swali ambalo nawaomba mliandike kwenye kuta zenu: "Watu wakiingia hapa, kabla hawajanunua, wanauliza nini?"

Mzee akafikiri. Watalii walikuwa wakiletwa kibandani mara moja moja. Wanauliza urefu, akasema. Wanauliza mti gani. Wanauliza kama shingo itavunjika kwenye ndege. Na karibu kila mmoja anauliza: nikifika kwetu kwenye baridi, hiki kitapasuka?

"Nacho hupasuka?" nikauliza.

Kibanda kizima kikacheka, maana nilikuwa nimegusa kidonda cha wachongaji wote. Kumbe mbao isipokauka vizuri, ikiingia nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi, hupasuka kifuani. Wakanieleza yote, wakipokezana, Mutiso naye akiwemo: jinsi ya kukausha gogo taratibu kivulini, kwa nini wanaziba ncha kwa nta, kwa nini muhugu, ule mti mzito, huvumilia kuliko mti mwepesi, na mwenye kinyago afanye nini akifika nyumbani, asikiweke karibu na moto, akipake mafuta kidogo, akifunge kwa karatasi wiki za kwanza. Nilijaza kurasa kumi na moja za daftari. Nilikuwa nimekuja kutafuta maneno, nikapewa elimu.

Nikaandika tovuti upya yote. Vichwa vikasema kitu chenyewe: twiga wa mbao aliyechongwa kwa mkono, vijiko vya saladi vya mbao. Mstari wa kwanza ukasema huyu anaitwa Kilonzo na kwa nini. Ukurasa mmoja ukawa wa Kilonzo mwenyewe. Na ukurasa mrefu kuliko yote ukajibu lile swali la kupasuka, bila kuficha kwamba kazi ya haraka hupasuka. Davi, ambaye alikuwa amejilaumu kimya kimya, alipunguza picha hadi zikawa nyepesi kabisa, akafuta yale maneno meupe moja moja, kisha akanisaidia kuwaandikia wenye mitambo kuomba radhi na kuomba wapite tena.

Kulikuwa na mtambo mmoja mpya wakati huo, watu wakiuzungumzia sana. Huo haukutosheka na maneno uliyoandika mwenyewe. Uliangalia pia ni kurasa gani nyingine zimekutaja. Nikatafuta watu ng'ambo wenye kurasa kuhusu mbao, maseremala, walimu, nikawaandikia mmoja mmoja: tumeandika jinsi ya kutunza kinyago kisipasuke, kama kitawafaa wasomaji wako, tafadhali waonyeshe. Wengi hawakujibu. Seremala mmoja akajibu, akasema hajawahi kusoma maelezo mazuri hivyo ya kukausha mti mzito, akaweka kiungo. Baada yake wakafuata wengine watatu bila hata kuombwa.

Julai ikaisha tukiwa hatuonekani. Agosti ikaingia. Safu ya mwisho ya daftari ilianza kujaa wiki ya pili, mtambo mmoja, kisha mwingine, nafasi ya thelathini, ya kumi na tisa, ya tisa. Barua pepe zikawa zinakuja za kuuliza tu, mtu ana kinyago cha marehemu babake kimepasuka, afanyeje. Nilizijibu zote baada ya kumuuliza Mzee. Oda hakuna.

Ijumaa ya mwisho ya Agosti nilifungua barua saa tatu asubuhi. Mwanamke mwenye duka katika nchi ya baridi aliandika kwamba vinyago alivyonunua mahali pengine mwaka uliotangulia vilipasuka vyote dirishani, akaandika swali lake kwenye mtambo mpya, akatufikia sisi. Alitaka twiga sitini na vijiko vya saladi jozi mia moja, mapema iwezekanavyo. Mwishoni alikuwa ameongeza kitu: kila twiga aje na karatasi ndogo yenye jina la Kilonzo na habari zake, wateja wake wangependa kujua.

Sikumwita mtu. Nilichapisha ile karatasi nikashuka ngazi, Davi akiniuliza kuna nini, nikaenda nusu nikikimbia hadi Pumwani na slipasi za ofisini.

Nilichelewa kidogo. Mzee Nzuki alikuwa ametandika gunia chini, na zana zake zote alikuwa ameshazigawa. Tezo, patasi, tupa, kila mchongaji alikuwa ameshika kipande chake mkononi, na mizigo ilikuwa imepangwa mlangoni. Nikasoma pale pale, pumzi zimenikata, kwanza kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Twiga sitini. Jozi mia moja. Kilonzo.

"Soma tena hapo mwisho," akasema Mzee.

Nikasoma tena. Akavua kofia, akaishika kidogo, akaivaa. Kisha akamgeukia Mutiso.

"Mutiso. Hiyo tezo."

"Ipi, Mzee?"

"Hiyo niliyokupa."

"Si umenipa?"

"Nimekupa. Sasa naiomba."

Mutiso akaificha nyuma ya mgongo. "Na mimi nitafanyia kazi nini?"

"Ile yako ya zamani. Ile mbovu."

Wakaangua kicheko wote, na Mzee Nzuki akaanza kuzunguka kibandani, mtu mmoja baada ya mwingine, mkono ameunyoosha, akiomba vitu vyake virudi, na kila mmoja alimkatalia kwanza ili ambembeleze. Mimi nililia wazi wazi bila kujifuta. Kabla sijafika barabarani nilisikia tezo ya kwanza ikigonga gogo.